Tangazo la Krismasi Kwenye Grupu la Msiba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika biashara yangu, mwanangu, haikuwa ya kuuza. Ilikuwa Ijumaa moja mwanzoni mwa Desemba, nimekaa kwenye kiti cha plastiki hapa nyumbani Ifakara, nimevaa kofia nyekundu ya Baba Krismasi, nimeshika sahani ya pilau, naichekea simu. Picha aliipiga mke wangu, Mama Stela. Alipomaliza akaniuliza kama nina homa.

Usitazame mvi zangu ukadhani nakusimulia ya zamani sana. Ni miaka michache tu iliyopita. Mvi zilikuwepo, ila kwa mambo ya simu nilikuwa kijana mbichi, na kiburi cha ujana nilikuwa nacho chote. Nilikuwa nauza mchele nyumbani, naufunga kwenye mifuko kwa ajili ya watu wanaowatumia ndugu zao wa Dar es Salaam na Morogoro wakati wa sikukuu. Wenzangu walishinda kwenye mashine za kukoboa na stendi, wanagombea wateja. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na nikijitazama leo naona elimu yote ile niliitumia kutafuta sababu za kutotoka nyumbani. Kwa hiyo binti yangu Stela aliponionyesha kwamba mtu anaweza kutangaza biashara kwa simu huku amekaa, niliona dunia imenifikiria hatimaye.

Nikaweka stetasi asubuhi, nikaweka jioni. Kila aliyeangalia nilimwita mteja. Mama Stela aliniuliza kama hao wateja wanakula kwa macho, nikamwambia hajui masoko ya kisasa.

Sasa nikwambie mchele ulitoka wapi. Wote ulitoka kwa mtu mmoja, Mzee Alfonsi wa Kiberege, mkulima aliyenizidi umri, ambaye kwa miaka mingi alinitengea mpunga mzuri kabla madalali hawajamfikia. Mwaka ule, mvua za Novemba zilipoanza, Mzee Alfonsi akafariki. Wanawe wakafungua grupu la msiba, wakatuingiza sote tuliomfahamu. Siku ya mazishi kulikuwa na tope. Na wewe unanijua mimi na tope. Nikampa Mama Stela rambirambi aipeleke, mimi nikabandika kwenye grupu ile mikono miwili ya kusali. Nikaona nimeshazika.

Ijumaa ile, basi, nikaandika chini ya picha yangu: Krismasi imenoga, karibuni mchele halisi wa Ifakara, usikose, nafasi ni chache. Hayo ya nafasi niliyatoa kwenye tangazo la semina. Mchele hauna nafasi, lakini maneno yalinipendeza. Nikaongeza vikatuni vinavyocheza, nikatuma kwenye magrupu yote niliyokuwemo bila kusoma majina: la jumuiya, la niliosoma nao, la harusi ya mtoto wa jirani, ambayo ilishapita na maharusi wameshapata mtoto wa pili, na la msiba wa Mzee Alfonsi. Humo ndani, juu kidogo ya kofia yangu, familia ilikuwa imetoka kukumbusha siku ya misa ya arobaini.

Mtu mmoja akaandika kwa adabu kwamba Baba Stela, hapa ni msibani. Nikaruka kwenye kiti. Nikabonyeza ile picha, simu ikaniuliza swali, nikajibu bila kulisoma, picha ikapotea. Nikamshukuru Mungu kwa maendeleo, nikarudi kwenye stetasi zangu.

Jumapili Mama Stela alirudi kutoka kanisani, hata kitenge hajafungua.

"Ulisema umeifuta?"

Nikamwambia nimeifuta, hata sasa haipo.

"Umeifuta kwenye simu yako. Kwa wenzako bado unacheka."

Siku mbili nzima, mwanangu. Watu wa Mlimba, wa Sanje, wa Dar es Salaam, kila anayeingia kuuliza habari za arobaini anakutana na meno yangu. Na kwa kuwa kwangu ilishapotea, kwao haikufutika tena.

Hapo hofu ikaniingia. Mpunga wa Krismasi ulikuwa bado Kiberege, mikononi mwa mjane, Mama Deo. Huo ndio nilioutangaza. Lakini nikiwa mkweli, kilichonikosesha raha zaidi ni kwamba mama yule alinipikia miaka yote niliyokwenda kwake kuchukua mzigo, na sasa sikujua nitamtazamaje. Nikamwomba Mama Stela aende akaniombee radhi. Akasema msiba amekwenda kwa niaba yangu, aibu niipeleke mwenyewe.

Jumatatu nikapanda bodaboda. Mama Deo nilimkuta mbele ya nyumba, ameanika mpunga kwenye turubai, anapepesa macho kulitazama wingu. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kumbe una miguu."

Akaniambia basi nivue viatu niitumie, mpunga unatakiwa kugeuzwa. Nikaingia kwenye turubai, nikawa naburuta nyayo ndani ya mpunga, naenda na kurudi kama ng'ombe wa plau, maneno ya radhi niliyoyapanga njia nzima yananitoka vipande vipande. Aliniacha nimalize yote. Mwanamke yule hakuwa na haraka.

"Kofia haikuniudhi," akasema. "Ilikukaa vizuri tu. Nikwambie kilichoniudhi. Macho yangu hayasomi herufi ndogo. Nilipoambiwa jina lako limeingia kwenye grupu nilijua, huyu sasa ameandika neno kuhusu mwenzake. Nikamwita mjukuu wangu anisomee. Kwa sauti. Wageni wamekaa. Akasoma, usikose, nafasi ni chache."

Niliendelea kugeuza mpunga. Ningesimama ningelazimika kumtazama.

Wingu likafika. Tukakunja turubai mbiombio, mimi pembe mbili, yeye na mjukuu pembe mbili, tukauingiza ndani punje zikitumwagikia miguuni. Tulipotulia nikauliza kuhusu mzigo wa Krismasi, kwa aibu, lakini niliuliza, usinifanye mtakatifu. Akasema ameshampa mama mmoja wa Sanje, aliyekuja kuzika akabaki siku tatu anaosha masufuria. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia mvua imeanza.

Kisha akanisogezea kigoda. "Lile neno bado nalisubiri. Andika sasa."

Nikaandika palepale, vidole vimejaa vumbi la mpunga. Niliandika kwamba Mzee Alfonsi hakuwahi kuniuzia mpunga bila kuchukua punje moja na kuing'ata mbele yangu, aone kama umekauka, na kwamba siku aliyoona una unyevu alinirudisha Ifakara mikono mitupu ingawa nilikuwa tayari kuuchukua hivyohivyo. Mjukuu akamsomea bibi yake. Mama Deo akacheka kidogo, akasema jino lile ndilo lililokuwa likimuuma, ila hakutaka kung'ata na lingine. Simu ikaanza kulia mkononi mwangu. Watu waliokuwa kimya tangu Ijumaa walikuwa wanaandika, kila mmoja na punje yake aliyowahi kung'atiwa.

Krismasi ile sikuuza kitu. Wateja wachache walioagiza niliwapigia mmoja mmoja nikawaambia mchele sina, na misa ya arobaini nikaenda, kwenye tope.

Sasa wewe, mwanangu, unayejiandaa kutangaza keki zako na vitenge vyako Desemba hii, sikukatazi. Simu inauza, mimi mwenyewe bado natangaza kwayo. Ila kabla hujatuma, soma jina la grupu na ujumbe wa mwisho uliomo, ujue watu humo wamekusanywa na nini. Penye msiba peleka pole peke yake. Ukikosea, usijifichie kwenye kufuta. Andika samahani mahali palepale ulipokosea. Tangaza ulichonacho ndani, siyo unachotarajia kupewa. Na anayekuuzia mali mheshimu kama unavyomheshimu anayeinunua, kwa sababu kuna siku atahitaji kukuona umesimama mlangoni kwake, na hapo picha nzuri haitamfaa kitu. Yule mama wa Sanje hakuwa na stetasi hata moja.

Mungu akubariki kazi ya mikono yako. Akupe sikukuu yenye wateja wanaorudi, akupe na moyo wa kufunga duka kwanza uende kuwazika waliokufaa. Na ukienda, vaa viatu vya tope.