Utepe wa Gurudumu la Mbele

Mume wangu Tularam haogopi maporomoko wala tetemeko la ardhi. Anaogopa utepe. Nasema hivi kwa upendo, ingawa zipo siku natamani kumfunga huo utepe mdomoni.

Kazi yake ni baiskeli za milimani, hapa Pokhara, katika chumba kinachopakana na jiko letu. Babu zake walifua majembe, yeye ananyoosha rimu. Baiskeli hizo siku hizi hazina tyubu. Hewa inazuiwa na utepe wa gundi tu, unaozungushwa ndani ya rimu kufunika matundu ya spoki. Utepe ukilegea, hewa inatoka yote kwa mkupuo, na aliye juu ya baiskeli anakwenda kusalimiana na mawe.

Manbir, kijana anayeongoza watalii, alisalimiana nayo. Miaka miwili iliyopita Tularam alimfungia utepe wenye upana uleule wa rimu, akidhani huo ndio usahihi. Kumbe unatakiwa uzidi kidogo, ukwee kingo zake. Ukasogea, tundu moja likafunuka, Manbir akavunjika mtulinga. Alipona, akasamehe, akaoa. Mume wangu hakujisamehe. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu wangu hushtuka hata nikikata uzi.

Mwaka huu binti yetu Junkiri, mwenye miaka kumi na tisa, akajiandikisha kwenye mashindano ya kuteremka kutoka kilima cha Sarangkot. Njia ile nimeiona. Upande mmoja ukuta, upande mwingine hakuna kitu. Wiki nzima Tularam alikaa mezani na tepe mbili, wali unapoa mbele yake. Rimu ilikuwa milimita thelathini kwa ndani, utepe mmoja thelathini na mbili, mwingine thelathini na nne.

"Huu mwembamba ukisogea?" akaniuliza.

"Chukua mpana."

"Mpana ukipanda mno, tairi halitakaa."

"Basi chukua mwembamba."

"Mama Junkiri, unaongea kama mtu anayenunua bangili."

"Bangili ningekuwa nimeshavaa, nimeshachoka nayo, nimempa dada yangu."

Junkiri alicheka hadi dengu zikampalia. Baba yake hakucheka. Mwisho alichagua ule mpana, akaupima tena kana kwamba ungesinyaa.

Mashindano yaliangukia siku moja baada ya sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa zana zote. Siku hiyo zana hulala. Huwekwa mbele ya picha yake, hutiwa tika, ile rangi nyekundu ya baraka, na maua, na fundi hashiki hata bisibisi mpaka kesho yake alfajiri. Kwa hiyo magurudumu yalifungwa siku ya kuamkia sikukuu. Mchana Tularam alisafisha rimu kwa spiriti, akaziacha zikauke, akaenda dukani kutafuta valvu. Jioni akarudi, akafunga utepe kwa kuuvuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akajaza upepo.

Asubuhi ya sikukuu gurudumu la mbele lilikuwa limeishiwa upepo.

Tularam alisimama mbele ya gurudumu, tika bado mbichi kwenye paji la uso. "Ni mkono wangu tena," akasema. Hakupandisha sauti. "Nitamwambia asiende."

Nikageuka nisimwone uso, na macho yangu yakaangukia kwenye msumari nyuma ya mlango, penye kitambaa changu cha mafuta ya haradali. Kila mwaka, siku ya kuamkia, mimi ndiye ninayepaka mafuta kila chuma humu ndani ili king'ae kwa ibada. Nyundo, koleo, hata bawaba. Na jana, alipokuwa dukani, nilipaka ile rimu moja iliyoning'inia karibu yangu, nikaifuta vizuri hadi ikawa kama sahani. Miaka ishirini na mbili niko na fundi, nami nimepaka mafuta mahali pa gundi.

Nisidanganye, nilinyamaza. Si kwa aibu peke yake. Nikinyamaza, Junkiri hataenda. Atalia siku mbili, atanuna wiki, lakini mifupa yake yote itabaki nyumbani kwangu. Ibada nzima nilikuwa nikilipima hilo moyoni, uvumba unaniingia machoni. Kisha nikamwona Tularam anaitazama mikono yake mwenyewe. Mficha uchi hazai.

"Baba Junkiri, ni mimi," nikasema. "Niliipaka mafuta."

"Uliipaka nini?"

"Ya haradali. Rimu ya mbele. Nilidhani naisaidia."

Nikangoja matusi. "Kwa hiyo si mkono wangu," akasema. Akakaa kizingitini. "Nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi hii."

Yeye hakuweza kugusa kazi, na Junkiri alikuwa kwa wenzake. Nikakunja mikono ya gauni. Yeye akaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuniamuru.

"Futa kwa spiriti. Tena. Tena, mama, hiyo si sufuria."

"Ningejua una mdomo hivi ningenyamaza."

"Vuta. Vuta kama unamvuta mbuzi wa jirani."

Utepe niliukata kwa kisu cha mboga, tundu la valvu nikalitoboa kwa sindano yangu iliyopashwa moto. Ili utepe ukandamizwe usiku kucha tuliweka tyubu ndani, na pampu tukaazima kwa mwalimu wa jirani, maana yeye zana yake ni chaki. Alfajiri, zana zilipoamka, Tularam akatoa tyubu na kujaza upepo. Gurudumu likabaki gumu.

Kule chini kwenye mstari wa mwisho sikuweza kusimama wala kukaa. Wakapita watano, wakapita wanane, kila mmoja si wangu. Nilimwomba kila mungu ninayemjua, na wawili nisiowajua vizuri. Kisha akatokea, matope hadi kwenye nyusi, yuko mzima.

Tangu ajali ya Manbir, kila mteremkaji aliyefika mbele ya mume wangu aliulizwa kwanza kuhusu matairi. Junkiri alivua kofia, akangoja swali hilo.

"Umekuwa wa ngapi?" baba yake akamuuliza.

"Wa tisa."

"Wa tisa tu? Na gurudumu lile alilokufungia mama yako?"

Ndipo nilipokaa chini, mbele za watu, nikalia.