Mbege Haiahirishwi

Juzi Jumatano, kule Uru, nilimkuta mama muuza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ameinua ndoo anataka kuimwaga kwenye migomba. Alikuwa ametia ulezi Jumamosi ili pombe iive Jumapili, siku ya mechi ya timu yetu na vigogo kutoka Dar. Jumapili hiyohiyo mchana ikatangazwa kuwa mechi imesogezwa hadi Jumatano. Wateja wakatawanyika, mbege ikachacha.

“Mpira wameuahirisha,” aliniambia. “Ulezi nao niuambie usubiri, baba?”

Kabla sijajibu, redio ya jirani ikalipuka: tumeshinda! Timu ambayo hata sisi wenyewe tulikuwa tunaiombea sare tu. Wanaume wakatokea migombani mbio.

“Mama, usimwage!”

Kata ya kunywea ikazunguka. Kila aliyekunywa alifumba jicho moja, akameza kwa shida, akasema, “Tamu!” Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nami nilikunywa. Ilikuwa kali kama ndimu. Nikawakumbuka wapanga ratiba ya mechi, kwa sababu huku kwetu aliyepika mbege ndiye huionja kwanza, na ile iliyochacha waliipika wao.