Bastola Bapa ya Yusuf

Nuria alitoka eda siku ya Jumanne, na Alhamisi yake polisi wakamwita Vwawa kwa ajili ya bastola ya marehemu mumewe. Ilikuwa mwaka 2007.

Miezi minne na siku kumi alikaa ndani ya nyumba yao ya Tunduma, huku nje malori ya kwenda Zambia yakiunguruma kwenye foleni. Watu walitarajia alie. Hakulia. Alikula alipoambiwa ale, akaoga alipowekewa maji. Shemeji yake Ishaka, mdogo wa marehemu, alikuja kila baada ya adhuhuri kumpa habari za mjini, na habari ilikuwa moja: Yusuf aliganda. Alikuwa akitoka kununua dhahabu Saza, majambazi wawili wakamsimamisha mchana kweupe kwenye kona karibu na Mkwajuni. Alipiga risasi moja, ikakosa. Kisha akasimama tu, mkono mfukoni, mpaka wakammaliza. Dereva wake aliyekimbilia porini ndiye aliyesimulia, na soko zima likapokea.

"Alikuwa na risasi sita, shemeji," Ishaka alisema, macho chini. "Sita."

Nuria aliitikia kwa kichwa, kama anayetajiwa bei ya vitunguu.

Kituoni Vwawa, ambako leseni ilitolewa, yeye na Ishaka walimkuta Mzee Andongwisye, fundi aliyetengeneza silaha za polisi miaka thelathini. Alikwisha kustaafu, lakini penye ukaguzi bado walimwita yeye. Bastola ilikuwa mezani, nyembamba, bapa kama kitabu kidogo cha dua.

Nuria aliifahamu. Miaka miwili nyuma, kibali kilipotoka, yeye na Yusuf walikwenda pamoja Mbeya kuinunua. Muuzaji aliweka mbili. Moja fupi ya silinda, risasi tano, tumbo limeitoka. Ya pili hiyo bapa, risasi zake zimepangwa ndani ya mpini. Yusuf aliipenda ya silinda. "Hii haina mambo mengi," alisema, akaichomeka kiunoni chini ya shati.

Nuria alicheka. "Baba Yasmini, utadhani una ngiri! Hata kipofu ataiona. Chukua hii bapa."

Akaichukua.

"Mama," Mzee Andongwisye alimwambia sasa, "unataka karatasi tu, au unataka kujua?"

"Nataka kujua."

Mzee akatoa kabatini bastola ya silinda, tupu, akaiweka kando ya ile nyingine.

"Hii ukivuta, silinda inazunguka, risasi inayofuata inakuja yenyewe. Haitupi kitu nje. Hii ya mumeo kila ikipiga, kifuniko cha juu lazima kirudi nyuma, kiteme ganda tupu la risasi kwa kidirisha hiki, ndipo kisukume risasi nyingine. Inataka nafasi. Sasa yeye alipiga ikiwa ndani ya mfuko wa koti. Kitambaa kilizuia kifuniko, ganda likabanwa hapa kidirishani. Tulilikuta na nyuzi za koti."

"Kwa hiyo hakuganda."

"Ganda ndilo lililoganda, mama. Daktari aliandika kwamba ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka. Alikuwa anahangaika kukivuta kifuniko mle mle mfukoni."

Ishaka akajifunika uso. Nuria aliungoja uchungu uje, kama mtu angojavyo chafya. Haukuja. Aliona tu kwamba sakafu ilikuwa imepigwa deki vibaya.

"Angekuwa na hii ya silinda?"

Mzee aliigusa silinda. "Ingeendelea kupiga. Lakini nayo ni nzito kuvuta, mtu hukosa. Siwezi kukuambia angepona."

"Ahsante, mzee."

Akatia sahihi kuisalimisha serikalini.

Nje, Ishaka alikuwa akifuta macho. "Leo hii nitawaambia wote. Kaka hakuwa mwoga."

"Waambie. Na uwaambie mimi ndiye niliyeichagua."

"Hilo halina haja, shemeji."

"Waambie," alirudia, kwa sauti ile ile.

Ishaka alisema nusu ya kwanza, ya pili akaimeza. Soko likageuka ndani ya siku mbili. Waliomcheka Yusuf walikuja nyumbani na sukari na mchele kumpa Nuria pole upya. Aliwapokea, akawachemshia chai. Baada ya mwezi alifungua duka la vitenge, maana Yasmini alihitaji ada. Siku moja jirani yake Fatu, akichagua kitenge, alitikisa kichwa: "Jamani, kumbe marehemu aliuziwa silaha mbovu!"

"Haikuwa mbovu," Nuria alisema. "Ilikuwa nzima. Mume wangu alitaka nyingine, mimi nikamchagulia hiyo kwa sababu haionekani kiunoni."

Fatu alishika mdomo.

Nuria alikikunja kitenge, akamuuliza kama anataka cha bluu au cha kijani.