Tiki ya Mwalimu Sperancia

Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukiona kwa Mwalimu Sperancia ni gambuti. Huvaa sketi ya marinda iliyopigwa pasi vizuri na blauzi nyeupe iliyofungwa hadi kifungo cha shingoni, na chini ya unadhifu wote huo zimesimama gambuti nyeusi zilizopakaa tope jekundu hadi karibu na magoti. Akifika kwenye ofisi ya walimu huzivua, huziegemeza ukutani, kisha hutoa viatu kwenye mkoba. Ila siku akiwa na hasira husahau kuzivua. Wanafunzi wa ile shule ya kata huko Isingiro, wilayani Kyerwa, wameshamjua. Mmoja akichungulia dirishani na kunong'ona, "Leo gambuti zinaingia," darasa zima hutulia kabla hajafika mlangoni.

Masika haya gambuti zimeingia darasani mara nyingi mno.

Chanzo kilikuwa mada moja ya Kiingereza ya Kidato cha Tatu. Ni ile ya kueleza jambo lililopita: kwamba lilipaswa kufanywa, au lingeweza kufanywa, au bila shaka lilifanywa, bila kulazimika kumtaja aliyelifanya. Sperancia aliifundisha, akairudia, akaichora kwa chaki za rangi. Wanafunzi walinakili kila kitu kwa mwandiko safi, na alipowaambia watunge sentensi zao wenyewe, wakainama kama watu waliopoteza sindano sakafuni. Kitabu kilikuwa na mifano ya treni na majumba ya makumbusho. Treni ilipaswa kutengenezwa. Tiketi zingeweza kununuliwa mapema.

"Mwalimu," aliuliza Ainebyona, msichana wa dawati la mbele asiyeweza kukaa na swali tumboni, "hiyo treni ilikuwa inapita wapi? Kaisho?"

Darasa likacheka. Sperancia hakucheka. Alizaliwa Muleba, akasoma hadi chuo kikuu akiamini kwamba mwalimu mwenye bidii hashindwi na mada. Jioni ile alirudi nyumbani akiongea peke yake migombani.

Nyumbani ni kwa Mama Adelgunda, mkulima wa ndizi na kahawa, aliyempa chumba cha uani tangu siku alipofika na sanduku moja na viatu vya kisigino. Binti wa nyumba, Anonciata, ndiye aliyemwonea huruma alipoteleza mara ya tatu kwenye njia ya mtoni. Alikwenda gulioni akarudi na gambuti. "Vaa hizi, mwalimu, usije ukafia huku kwetu tukaambiwa tumekuroga." Tangu hapo wakawa kama dada. Sasa Anonciata alikuwa anaolewa Chonyonyo, kule Karagwe, na ua mzima ulikuwa katika pilika za kumuaga.

Ndizi za pombe zilikuwa zimefukiwa shimoni zipate joto, ziive sawasawa, ndipo zikamuliwe rubisi. Shimo la namna hiyo halichunguliwi kabla ya wakati. Lakini siku ya kulifungua walikuta kona moja ya udongo imeshafukuliwa na kurudishiwa ovyo. Joto lilikuwa limetoka. Ndizi nyingine zilikuwa mbichi, nyingine nyeusi, na maji yaliyokamuliwa hayakufaa hata kupewa mbwa. Ikabidi sherehe isogezwe mbele na ndizi nyingine zifukiwe. Nani alilifungua, hakuna aliyejua. Ila watu walikumbuka kwamba Benadeta, shangazi yake Anonciata, aliwahi kusema mbele ya wote kwamba Chonyonyo ni mbali mno kumpeleka mtoto wao.

Jumatatu iliyofuata, darasa zima lilikuwa linazungumzia shimo. Sperancia alisimama mlangoni akasikiliza, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Hii hapa mifano! Alifunga kitabu, akaandika ubaoni kwamba shimo halikupaswa kufunguliwa, kwamba lingeweza kufunguliwa na mbwa. Mikono ikaanza kuinuka, hata ya nyuma kabisa, ya watoto ambao hajawahi kusikia sauti zao. Ndipo Ainebyona akasimama, akasema bila kukwama hata neno moja:

"The pit must have been opened by Benadeta."

Yaani, bila shaka shimo lilifunguliwa na Benadeta. Kila neno lilikuwa mahali pake. Majuma yote yale ya kuhangaika, na hatimaye sentensi nzima, nzuri, kutoka kinywa cha mtoto! Sperancia aliiandika ubaoni, akaiwekea tiki kubwa nyekundu, akageuka na kusema, "Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi hadi darasa la jirani likasikia.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika kila nyumba: mwalimu amethibitisha. Ameandika ubaoni kwamba ni Benadeta, akaweka na tiki.

"Ni kweli, mwalimu?" Mama Adelgunda aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi alizokuwa anamenya. "Umempigia wifi yangu tiki?"

"Mama, nimeipigia sentensi."

"Sentensi ina jina la nani?"

Habari mbaya zaidi aliileta Anonciata, aliyerudi kutoka kwa shangazi yake macho mekundu. Benadeta hatakuja. Amesema mfukua mashimo hafai kumtoa bibi harusi. Na katika ukoo wao, bibi harusi hutolewa nyumbani na shangazi akiwa amemshika mkono.

"Bila shangazi siondoki," Anonciata alisema. "Nani atanishika mkono? Wewe na chaki yako?"

Asubuhi Sperancia akazivaa zile gambuti, akaenda. Alimkuta Benadeta akianua kahawa, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na kalamu nyekundu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Tiki ile haikuwa ya ukweli wa jambo. Ilikuwa ya lugha. Mtoto alipanga maneno vizuri."

"Vizuri?" Benadeta aliweka ungo chini. "Mwanangu, mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Mwalimu akiweka tiki, jambo ni sahihi. Akiweka mkasi, ni kosa. Leo mmebadilisha?"

"Hatujabadilisha, lakini..."

"Na makofi? Makofi nayo yalikuwa ya lugha?"

Sperancia alieleza tena, kwa upole, kisha kwa mikono, kisha kwa sauti iliyoanza kupanda. Alijaribu Kiswahili, akajaribu Kihaya. Kila alivyoeleza ndivyo alivyojiona anazidi kufanana na mtu anayetetea uongo kwa elimu. Alitamani kulia. Alikuwa amefaulu mitihani mingi maishani, na hapa alikuwa anashindwa kueleza tiki.

"Jina langu limechafuliwa mbele ya watoto," Benadeta alihitimisha. "Likasafishwe mbele ya watoto. Nitakuja darasani kwako."

Akaja kweli, na kitenge chake cha kanisani, akakaa dawati la nyuma. Sperancia aliingia na gambuti miguuni. Akaandika sentensi ile ile, akaacha wazi mahali pa jina, akawataka wanafunzi wajaze. Mmoja akasema mbwa. Mwingine akasema nguruwe wa jirani. Mwingine mvua. Kila sentensi Sperancia aliitafsiri kwa ajili ya mgeni, akaiwekea tiki, akaeleza kwamba zote zina tiki na haiwezekani zote zikawa kweli. Benadeta alikaa mikono mapajani, uso haujalegea hata kidogo. Chaki ilivunjika mkononi mwa Sperancia.

Ainebyona akanyoosha mkono. Bila shaka, alisema kwa Kiingereza, shimo lilifunguliwa na Mwalimu Sperancia.

"Kasema nini?" Benadeta aliuliza.

Sperancia akatafsiri. Uso ulimwaka. Tena yeye ndiye anayelala hatua chache kutoka kwenye shimo lile, na kila mtoto pale alilijua hilo.

"Kapanga maneno vizuri?"

"Vizuri kabisa, shangazi."

"Basi weka tiki."

Akaiweka.

"Na makofi."

Wanafunzi wakatazamana, wakapiga makofi machache ya woga. Benadeta naye akapiga, taratibu, peke yake, baada ya wengine kunyamaza.

"Kwa hiyo ni wewe uliyefukua?"

"Siyo mimi!" Sperancia alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kufundisha. "Sikuligusa, shangazi. Siyo mimi."

Benadeta akaitazama ile tiki ubaoni.

"Inauma, eh?" akasema. "Na mimi siyo mimi."

Akainuka, akajifunga kitenge. Mlangoni aligeuka. "Mwambie wifi yangu shimo jipya lisiguswe mpaka nifike. Nikifika."

Ni hilo neno la mwisho lililowanyima usingizi watu wa nyumbani kwa Mama Adelgunda.

Leo ndiyo siku ya kulifungua shimo jipya. Mtumbwi wa kukamulia umeoshwa, nyasi zimekatwa, mtama umekaangwa, na vijana watakaokanyaga ndizi wamekaa kwenye ukingo wake wakiwa wameshanawa miguu. Wageni wa Chonyonyo wanafika kesho. Harufu ya ndizi zilizoiva imeanza kupenya kwenye udongo, na zikiachwa hadi jioni zitapita kiasi. Mama Adelgunda ameshika jembe, halafu ameliweka chini, halafu amelishika tena.

"Tufungue tu," kijana mmoja anasema.

"Usiguse!" Anonciata na Sperancia wanamjibu kwa pamoja.

Wawili hao wamesimama mwanzo wa njia, mmoja peku, mwingine ndani ya gambuti zake. Hawajazungumza vizuri tangu siku ile ya chaki, lakini asubuhi hii Anonciata amekuja mwenyewe kusimama karibu naye. Huko chini, ng'ambo ya mto, kitu cha rangi kinaonekana kati ya migomba, kinapotea, kinaonekana tena.

"Ni kitenge," Anonciata anasema. "Mwalimu, tazama vizuri. Ni kile cha kanisani?"

Sperancia anapanda juu ya jiwe, anakinga macho kwa kiganja, na anatazama.