Binamu Yangu wa Falaji

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na binamu aliyekaa kwenye falaji. Hakuzaliwa, hakupewa jina, wala hana kaburi, lakini kijijini kwetu, upande wa Mudhaibi, kila mtu alimjua. Tukipita kando ya ule mfereji unaopeleka maji mitendeni, wenzangu walinisukuma wakasema, "Msalimie jamaa yako," nami nilimsalimia. Sikuona ajabu. Wengine walikuwa na binamu zao Dubai; wangu alikuwa karibu zaidi.

Alikuwa mtoto wa Khala Zuwena, mdogo wake mama. Leo nimeshaupita umri aliokuwa nao Khala wakati ule. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti nibadilishe majina, na nimeyabadilisha. Nayaandika bila sauti kunitetemeka. Si ushujaa, kwetu mambo haya yalisemwa siku zote kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imetosha, nami nilijifunza sauti hiyo hiyo.

Sisi ni watu waliorudi Uarabuni kutoka Unguja. Bibi, mama yao mama na Khala, alizungumza Kiswahili cha mjini kwao na Kiarabu cha kuungaunga. Khala aliolewa na Ami Nasir, mtu wa kabila letu, ila wa kwao hawakuwahi kutia mguu Afrika. Wote wawili walikuwa wamebeba sikoseli katika damu bila ya kujua, maana siku zile watu walioana kwanza, habari za damu zikafuata nyuma. Mtoto wao wa kwanza, Hilal, alifariki kabla ya kuanza skuli. Nakumbuka kilio chake kuliko sura yake. Maumivu yalipomshika, mikono ilimvimba, hakutaka hata shuka imguse, na Khala alimbeba akizunguka naye uani mpaka sauti ya mtoto ikakauka. Akaja Thuraya, naye na maradhi yale yale. Kisha Khala akashika mimba tena.

Nilikuwepo jikoni siku aliyomwambia Bibi. Nilikuwa nimepewa sinia ya mchele niuchague, na mtoto mwenye kazi mkononi watu wazima humsahau.

"Huyu sitamzaa, mama," Khala alisema.

Bibi aliweka kisu chini. "Astaghfirullahi. Zuwena, unasikia unalolisema? Hiyo ni roho."

"Bado."

"Wewe ndiye wa kujua bado na tayari?"

"Nasir kamuuliza shekhe. Kaambiwa wanavyuoni wamekhitilafiana, wako wanaoruhusu mwanzo mwanzo na wako wasioruhusu kabisa. Nasir kasema yeye yuko na wasioruhusu."

"Basi si umeshajibiwa?"

"Nasir hakumbeba Hilal. Alikuwa akitoka nje akakaa garini."

"Huenda huyu akatoka mzima, mwanangu."

"Na Thuraya nilisema huenda."

"Dhambi yake utaibeba wewe."

"Nitaibeba," alisema Khala. Hakulia. Alichukua kitunguu akaendelea kukata, na mimi nikaendelea na mchele wangu.

Ikawa kwamba Thuraya alikuwa na safari ya matibabu ya Bara Hindi, na mama yake ndiye wa kumpeleka. Ami Nasir hakupata likizo. Aliyekwenda nao ni Bibi. Jambo hili nimelifikiria zaidi kuliko mengine yote. Bibi hakubadilisha maneno yake hata mara moja. Mpaka anakufa aliniambia lile lilikuwa dhambi. Lakini alikwenda kuitafuta paspoti yake kabatini, akafunga sanduku, akampa mwanawe mkono kwenye ngazi za ndege. "Ningemwacha na nani?" aliniambia alipokuwa mzee, siku aliyonieleza yote.

Waliporudi Khala hakuwa na mimba, na Bibi alikuwa na maneno yake tayari. Alisema kwamba siku ya kuamkia safari Zuwena alikwenda kwenye falaji jua likizama, kichwa wazi, bila ya bismillahi, kufua nguo za Thuraya. Akahisi baridi mgongoni. Huko Hindi madaktari walipotazama waliona tumbo tupu, damu haikutoka hata tone. "Wenyewe wamechukua chao," alisema Bibi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa wenyewe ni nani. Mimi niliamini neno kwa neno. Tangu nijue kutembea nilikuwa nikikatazwa kukaribia falaji wakati wa magharibi, na sasa niliona kwa macho yangu kwamba wakubwa hawakuwa wakitutisha bure.

Kwao Bibi, alivyolelewa yeye, habari kama hiyo ilikuwa mwisho wa maneno. Mashetani wamechukua mimba. Mwanamke anafukizwa ubani, ananyweshwa kombe la zafarani, watu wanampa pole, na hakuna mwenye adabu anayeuliza tena. Bibi aliitumia kwa maana hiyo. Alitaka kumfunika mwanawe, akachukua nguo aliyoizoea. Alichosahau ni kwamba hakuwa Unguja.

Mama yake Ami Nasir, Bi Shamsa, alisikiliza mpaka mwisho, kahawa imempoa mkononi. Kisha akauliza kwa Kiarabu, taratibu kabisa, "Na sasa yuko wapi?"

Bibi hakuelewa. "Khalas," alisema. "Amekwisha."

"Hajaisha. Mughayyab huyo."

Neno hilo kwa watu wa huko ni mtu aliyefichwa. Aliyechukuliwa na wachawi au majini hafi; yuko kwao anakula, anakua, na ikiwa Mungu amependa atarudi. Kijijini zilikuwepo nyumba ambazo bado zilimwekea sahani mtu aliyezikwa mchana kweupe, wakisema kilichozikwa kilikuwa gogo la mtende tu. "Ikiwa waliozikwa wanarudi," alisema Bi Shamsa, "huyu wetu ambaye hakuzikwa?" Machozi yalimtoka, ya furaha. Nilimwona Bibi akimgeukia Khala, na Khala akitazama mkeka.

Jumatano iliyofuata soko la wanawake la Ibra lilikuwa limeshajaa habari. Wanawake walikuja na halua, wakakaa, wakamwambia Khala ndoto zao. "Nimemwota mwanao, kashaota meno." Miezi ikipita, "Nimemwota anasimama mwenyewe, mashaallah." Na Bi Shamsa, kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, alipeleka bakuli la tende na samli akaliweka ukingoni mwa falaji. Simcheki. Alikuwa amemzika Hilal, na sasa alipata mjukuu asiyeugua. Alinenepa mwaka ule.

Khala aliwamiminia kahawa, akawashukuru. Uso wake haukusogea. Nikiwa mtoto nilidhani amekasirika. Sasa naelewa. Aliamua mtoto huyu asiwepo ili asiumie, na matokeo yake akawa yupo kila mahali, anaota meno, anajifunza kusimama, ana umri. Kukana asingeweza, kwa sababu angemwambia nani alikokwenda? Mtu aliyezaa akafiwa huachwa apumzike baada ya arubaini. Yeye hakuachwa.

Na Ami Nasir? Naamini alijua. Hakuuliza kitu, hakumwacha mkewe, hakuoa mwingine. Alichofanya ni kuacha kupita njia ya falaji. Msikiti ulikuwa upande wa pili wa mitende, naye akawa anazungukia barabarani, juani, na kanzu yake inafika imeloa jasho. Watu walisema anaogopa majini.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi siku Bi Shamsa aliponituma nikachukue bakuli lake. Ilikuwa alasiri, maji yanakwenda kwa kasi. Bakuli lilikuwa tupu, kama kawaida; mbuzi wa kijiji wote walizijua Ijumaa zake. Niliinama kulichukua, na nilipoinua kichwa nilimwona. Nilimwona kwa namna watoto wanavyoona, sitaki kusema zaidi ya hapo: mvulana, magoti yameloa, anakimbia juu ya ukingo, kisha hayupo, mtende tu na kivuli chake.

Nilirudi mbio. Khala alikuwa uani anaanika nguo za Thuraya.

"Khala, nimemwona."

Hakuniuliza nani. Nilitegemea atanipiga, au atanikumbatia, au ataniuliza amefanana na yupi, kama walivyouliza wanawake wote. Alisimama na nguo mbichi mikononi.

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Mikono? Imemvimba?"

"Hapana, Khala. Anakimbia."

Alikaa chini, pale pale kwenye saruji, nguo mapajani. Maji yalichuruzika yakamlowesha kanzu, na yeye yupo tu. Mimi nilisimama na bakuli langu, sijui niondoke au nibaki. Kisha aliinuka, akaikamua ile nguo upya, akaianika, akamaliza na zilizobaki. "Nenda kampe Bi Shamsa bakuli lake," alisema. Mambo hayo hatukuyazungumza tena kwa miaka mingi.

Bi Shamsa alifariki, na bakuli likakoma. Wanawake walipunguza ndoto. Falaji bado inapita.

Sikukuu hii iliyopita, binamu yangu Salim anayesoma Nizwa alituma video kwenye kundi la familia la WhatsApp: watu wawili wanabishana kuhusu kutoa mimba. Kundi likawaka. Mmoja kaandika ni mauaji, hakuna mjadala. Mmoja kaandika mwili ni wake na uamuzi ni wake. Vijana wetu waliandika Kiarabu, Kiingereza, na Kiswahili cha kuombea maji, kila mtu mufti. Khala alisoma yote. Alama zilionyesha kwamba amesoma. Hakuandika neno. Mwisho Salim akaweka la kufungia: "Mama wa kweli hawezi." Ikamiminika mioyo myekundu. Mimi nililisoma nikajisikia ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nilijua napaswa kuhisi kitu, nikakingoja, hakikuja.

Siku ya pili ya sikukuu tulikuwa kwa Khala, yeye na mimi kwenye karo tunaosha vyombo. Thuraya alikuwa ametoka hospitali wiki ile, amelala chumba cha pili. Amekuwa mtu mzima, anacheka sana, na bado kila kipindi cha baridi mama yake humsikiliza anavyopumua. Nilikuwa nikifuta sahani. Nikamuuliza.

"Khala, ile siku niliyokwambia nimemwona mtoto kwenye falaji, uliniamini?"

"Hata."

"Ulijua nasema uongo?"

"Wewe ulikuwa muongo tokea unanyonya."

Tulicheka kidogo. Maji yaliendelea kutoka bombani.

"Basi kwa nini uliniuliza kama anaumwa?"

Alisuuza sahani mbele na nyuma, akanipa.

"Mama huuliza, mwanangu," alisema. Akachukua nyingine.

Nimekuwa nikiyarejea maneno hayo tangu siku hiyo. Hakusema mama wa Hilal, wala mama wa Thuraya. Yule ambaye hakumtaka afike duniani, kwa kuwa alijua duniani kinamsubiri nini, naye alikuwa amemhesabu. Sijui kama alitenda sawa. Bibi alikufa akisema hapana, na hata hivyo alikuwa amemshika mkono. Ami Nasir jibu lake ni ile njia ya juani. Mimi siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine nanyamaza, na kunyamaza kwangu si hekima, ni kuchoka.

Lakini lile la Salim najua si kweli, na silijui kwa kusoma. Nilisimama na Khala karoni, mikono yake imejaa povu. Mama wa kweli aliweza. Na mpaka leo hajaacha kuuliza kama mwanawe anaumwa.