Faini Tatu za Kisiwa Nisichokijua

Yote yalinigharimu krona mia nne na hamsini (nimehesabu mara mbili), kilo mbili za sambaza kavu, dagaa wa ziwa la kwetu, kutoka Bukavu, na heshima yangu kama msemaji wa ukoo. Aibu ni yangu, basi acheni niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kanisani.

Mpwa wangu Olivier anataka kuoa binti wa Kimalagasi, na sisi hatuendi kuomba mke bila msemaji, na kwa kupatana bei hapa Stockholm sijaona wa kunizidi, hivyo nikachaguliwa. Olivier alitaka anieleze kidogo kuhusu Madagaska. Nikamwambia asijisumbue, kisiwa ni kisiwa, mimi nimekua nikiiona Idjwi ziwani kila asubuhi. (Hapo ndipo nilipojichongea.)

Tukatoka Jakobsberg hadi Vårby gård na sambaza zetu mkononi, behewa zima la treni likituachia nafasi kwa harufu. Nikasimama mbele ya wakwe, nikawasifu kwa Kifaransa kizuri kabisa, wao watu wa mawimbi, wanaojua kuogelea kabla ya kutembea, na samaki hawa wawakumbushe nyumbani.

Baba wa binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza kwa upole kwamba kwao ni nyanda za juu, mashamba ya mpunga na baridi ya kuvaa sweta, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini. Tena kwa desturi yao, msemaji wa upande wa mume akikosea hutozwa faini. Mia mbili.

Sasa mimi nikitajiwa bei siwezi kunyamaza. Nikasema mia, kwani hata huko juu bahari haiwezi kuwa mbali, kisiwa chenyewe kidogo. Akakubali mia, akaongeza mia mbili nyingine: kisiwa chao kinaizidi Ufaransa kwa ukubwa. Nikaomba nayo ipungue, si sote ni ndugu tuliotoka bara moja? Akaishusha hadi mia na hamsini, akaongeza mia mbili za tatu, maana baadhi ya mababu zao walivuka bahari kutoka Asia.

Olivier akaniinamia. "Mjomba, lipa. Kila ukipunguza, mke wangu anazidi kwenda mbali."

Nikalipa. Ndipo mama wa binti akaniuliza kama najua yeye anatoka wapi. Nikajibu nyanda za juu (nilishajifunza).

"Kusini," akasema. "Kwenye ukame, miiba na ng'ombe. Mvua ya huyu mume wangu haifiki kwetu."

Huyo hakunitoza kitu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jibu hatukupewa. Baba mtu kasema turudi Jumamosi, msemaji awe yuleyule, aeleze mtoto wao ametoka wapi, na akikosea tena posa imekwisha. Kisiwa nisichokikanyaga sitakisifu tena maishani. Lakini Jumamosi ni keshokutwa, wakwe wananitaka mimi, na Olivier ananiomba kwa machozi niugue. Nishaurini, ndugu zangu: niende, au niugue?