Kitambaa cha Mama na Bata wa Kompyuta

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na sauti. Ukiiwasha, ilikohoa kwanza, ikalia mlio mmoja mfupi, kisha feni yake ikaanza kuvuma kama mtumbwi wa mota unaopanda mto kutoka Yanonge. Jirani wa nyumba ya tatu alijua kwamba kwetu, kwa akina Mado, leo kuna umeme. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka. Vijana wa sasa, ambao mashine zao zinawaka kimya kama paka anayeingia jikoni, watadhani natia chumvi. Natia kidogo.

Tulikaa Mangobo, mtaa wa Kisangani, nyumba ya matofali yenye kibaraza kilichopasuka katikati. Sisi wasichana tulicheza nzango hapo nje, kuruka na kurusha miguu huku tukiimba, mpaka vumbi jekundu likapanda magotini na Mama akatuuliza kama tunataka kuota mihogo miguuni. Jumamosi ilikuwa siku ya lituma: ndizi za kupika zilizotwangwa zikiwa moto, zikaviringwa mabonge, na pembeni samaki wa moshi katika mafuta ya mawese. Mpaka leo nikisikia mchi ukigonga kinu, mate yananijaa, na mimi ni mtu mzima mwenye shahada.

Jumamosi ilikuwa pia siku ya vitambaa. Mama alifuma kwa sindano ya kulabu, na hakuna kitu katika sebule yetu kilichokaa uchi. Viti vilivaa, redio ilivaa, hata saa ya ukutani ilikuwa na kakitambaa chake juu kama kofia. Kila Jumamosi asubuhi alivivua vyote, akavifua, akavichovya katika amidoni, yaani wanga wa muhogo uliochemshwa, akavianika juani mpaka vikakauka wima kama karatasi ngumu. Mgeni wa Jumapili akikuta chombo hakina kitambaa, aibu ilikuwa ya Mama, si ya chombo.

Katika nyumba hiyo ndipo ilipoingia kompyuta. Papa alikuwa dereva wa mtafiti mmoja wa misitu, Mzungu mwembamba aliyelalamikia joto tangu asubuhi mpaka jioni. Papa alimjibu neno lilelile miaka yote: "Utazoea." Hakuzoea. Alipokata tamaa na kurudi kwao, alimwachia Papa mashine yake ya mezani. Papa aliileta nyumbani juu ya toleka, zile baiskeli zetu za abiria, akiwa ameikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Haikuwa na mfumo ule wa kompyuta zote za mjini. Ilikuwa na Linux. Ukiiwasha, kioo kilikuwa cheusi, pembeni juu anatokea ndege mnene mwenye tumbo jeupe, halafu mistari ya herufi nyeupe inaanza kukimbia kuelekea juu, mistari mingi, ikitaja kila kiungo cha mashine kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina darasani. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kuona pengwini. Mama, mtoto wa wavuvi anayejua kila kinachoelea mtoni, alimtazama ndege yule, akaamua kwamba ni bata. Tangu siku hiyo, kujua kama kompyuta imeamka ilikuwa kuuliza swali moja tu.

"Bata iko?" Mama alipaza sauti kutoka jikoni.

"Bata iko, Mama!"

Basi maisha yakaendelea.

Aliyeitumia zaidi ni dada yangu mkubwa, Yaya Béatrice. Alikuwa anamaliza chuo, na kazi yake ya mwisho, ile tunayoiita TFC, ilihusu wanawake wa Yanonge na Isangi wanaouza samaki wa moshi. Nusu ya maarifa yaliyomo yalitoka kwa Mama mwenyewe, aliyezaliwa katika biashara hiyo, na kila jioni alikaa akifuma huku akimsahihisha Yaya bila kutazama kioo. Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumatatu. Asiyekabidhi angerudia mwaka, na Papa alikuwa amekwisha kusema kwamba hakuna kurudia: zamu ya chuo ingepita kwa kaka yetu, na Yaya angekwenda kuuza samaki badala ya kuandika habari zao.

Wiki hiyohiyo, bata akaanza kuugua.

Yaya alikuwa anaandika, kioo kikageuka cheusi, mstari mmoja wa Kiingereza ukapita upesi, na mashine ikazima. Akaiwasha, bata akatokea, mistari ikakimbia, baada ya muda ikazima tena. Akingoja kidogo, ilikwenda mbali zaidi. Asipongoja, haikufika hata kwenye bata. Alikuwa na disketi moja ya akiba, lakini kwa unyevu wa Kisangani ilikuwa imeota ukungu, na mashine ya mjini iliitapika.

Papa akamwita Tonton Faustin, mdogo wake Mama. Tonton alitengeneza redio, taa za baiskeli na, akisisitizwa, saa. Hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Alifika na bisibisi mfukoni mwa shati, kama daktari na kalamu yake.

"Tonton, usifungue!" Yaya alisema. "Kazi yangu iko ndani!"

"Minaangalia tu."

"Na ile tournevis mukononi?"

"Ni ya kuangalia nayo."

Akaivua mashine kitambaa, akaifungua. Alichomoa kijiti cha kumbukumbu, akakisugua meno yake ya shaba kwa kifutio changu cha shule, akakirudisha. Mashine ikalia milio mitatu badala ya mmoja. Tonton akasema hiyo ni dalili nzuri, imeanza kuongea. Akakichomoa tena, akakisukuma vizuri zaidi, mlio ukarudi kuwa mmoja, naye akatutazama sote akingoja sifa. Akabadilisha betri ndogo ya ndani kwa nyingine aliyoitoa katika saa ya mtu, natumaini kwa ruhusa. Akavuta nyaya, akazipuliza. Kisha akaifunga, Mama akaivisha kitambaa chake, Yaya akaiwasha.

Bata akatokea. Tukapiga makofi. Yaya akaandika kurasa mbili, kioo kikawa cheusi, na mstari ule wa Kiingereza ukapita tena. Safari hii nilikuwa nimesimama karibu, na nikaona neno moja ambalo hata kwa Kifaransa tunalo.

"Imesema *température*!" nikapiga kelele. "Tonton, inasema joto!"

Hapo ndipo ungetarajia tugundue. Kompyuta ilikuwa imetuambia ugonjwa wake kwa maneno. Lakini kumbukeni hiyo mashine ilitoka kwa nani.

"Ah bon," Tonton alisema, akacheka. "Ii ilitengenezwa kwa baridi. Inashangaa tu joto ya Kisangani."

"Ni sawa na mwenyewe," Papa alisema. Akaipigapiga mgongoni, juu ya kitambaa, kwa upole kabisa. "Utazoea."

Na sote tuliridhika. Sisi wenyewe tulikuwa na joto, tulilalamika, hatukuzima.

Jumamosi asubuhi Mama alivua vitambaa vyote kwenda kuvifua, pamoja na kile kikubwa cha kompyuta, kilichofunika sanduku lake, lililosimama chini kando ya meza, kutoka kichwani mpaka sakafuni kama kanzu ya padri. Yaya akaiwasha bila matumaini. Bata akatokea. Mashine ikavuma asubuhi nzima bila kukohoa, na Yaya akaandika sura ya mwisho huku vidole vikikimbizana. Tonton alikuja kula lituma, akakuta kazi yake inasifiwa. Alisema yote ni kile kifutio. Papa alisema mashine imezoea.

Mchana vitambaa vilikauka. Amidoni ilikuwa imekubali vizuri siku hiyo. Kitambaa kiligongeka kama mlango. Mama akaivisha kompyuta wakati Yaya yuko katikati ya sentensi, akanyoosha pembe zote nne, akarudi nyuma kuangalia uzuri wake. Hatujamaliza hata kunawa mikono, ikazima.

Ilipowashwa tena, bata alitokea, lakini mistari ikasimama katikati ya safari. Kioo kikasema diski imeumia kwa kuzimwa ovyo, haiwezi kuendelea, kwanza mwenye mashine aingize neno la siri, aikague kwa mkono. Yaya akakaa chini sakafuni. Ndani ya diski ile kulikuwa na miaka yake mitatu.

Papa pekee ndiye aliyejua neno la siri. Alikuwa amelirithi kwa Mzungu, na alililinda kuliko funguo za gari.

"Bote uso kwa ukuta!" aliamuru.

Tukageuka, hata Mama na mkungu wake wa ndizi, tukisikiliza kidole kimoja cha Papa kikitafuta herufi. Kisha Yaya akaandika amri ya kukagua diski. Mashine ikaanza kumwuliza, kosa baada ya kosa: nirekebishe? Yeye anabonyeza herufi ya kukubali. Nirekebishe? Anakubali. Alikubali kama bibi arusi mwenye haraka, asijue anakubali nini, akijua tu kwamba mashine ikizima katikati ya ushonaji huo, huenda kusibaki cha kushona.

Ndipo Mama akanusa hewani.

"Nani anapiga pasi?"

"Hapana mutu anapiga pasi, Mama," nikamjibu.

"Miye minajua harufu ya amidoni yangu. Kuna mutu anapiga pasi humu ndani."

Alifuata pua yake. Akapita viti, akapita redio, akafika kwenye kompyuta, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa upesi kama mtu aliyegusa chungu. Kisha akakivuta kitambaa chote. Upande wa nyuma, pale feni inapotolea pumzi, kulikuwa na doa la kahawia, umbo la duara, limeiva vizuri. Nyuzi za miaka ya kufuma zilikuwa zimesokotana katika matundu kama ndevu.

Tonton akairudisha bisibisi mfukoni.

"Ni miye ninaiua?" Mama aliuliza taratibu. Halafu, kwa kuwa ni Mama, akageuka mkali. "Sasa kama iko na joto, kwa nini haisemi?"

"Ilisema, Mama," Yaya akajibu bila kuacha kubonyeza. "Tuliiambia itazoea."

Papa aliangalia dari.

"Lete pepeo!" Mama akaniamuru, na mimi nikakimbia jikoni kuchukua lile pepeo la majani tulilopepea moto wa mkaa. Tonton akang'oa ndevu za nyuzi kwa bisibisi, hatimaye ikapata kazi. Mama akaanza kupepea. Alipochoka nikapokea mimi, kisha Papa, kisha Tonton, kisha Mama tena, wote tumeinama nyuma ya mashine kana kwamba tunachoma mahindi, na Yaya mbele yake anakubali, anakubali, anakubali. Majirani walikusanyika mlangoni. Mmoja aliuliza tunapika nini.

Maswali yakakoma. Kioo kikawa cheusi, tukapepea kwa nguvu zaidi. Mashine ikalia mlio wake mmoja.

"Bata iko?" Mama aliuliza. Alikuwa amefumba macho.

"Bata iko, Mama."

Faili ilikuwepo. Ilikosekana ile sentensi ya mwisho tu, iliyokatwa katikati na kitambaa, na Mama ndiye aliyeimalizia kwa mdomo, kwani ilihusu chumvi. Jumatatu Yaya alikabidhi. Leo yeye ni mkuu wa shule upande wa Lubunga, na wanafunzi wake wanamwogopa kuliko mtihani.

Mama hakukubali kompyuta ikae uchi. Alifuma kitambaa kipya, safari hii chenye tundu la duara nyuma, limezungushiwa maua, ili mashine ipumue. Wageni wa Jumapili wakadhani ni mtindo wa Kinshasa. Kabla ya msimu wa mvua kuisha, nusu ya redio za mtaa wetu zilikuwa zimevaa vitambaa vyenye tundu, nazo hazikuwa na haja yoyote ya kupumua.

Siku hizi mambo ni mepesi. Bado natumia Linux, kwa uaminifu zaidi kuliko kwa akili, lakini kompyuta yangu ya mapajani haionyeshi bata wala mistari. Inaonyesha picha nzuri inayozunguka, na ikiugua inazima kwa adabu bila kuaga. Juzi ilinifanyia hivyo mara kwa mara nikiandika mambo haya haya. Exaucé, mwana wa Yaya, kijana aliyesoma kompyuta chuoni, aliizima, akaiwasha, akaizima, kisha akaiuliza simu yake. Simu ilimpa majibu mengi, na yote yaliishia kwamba ninunue nyingine.

"Tantine, ii imekufa," alisema, akarudi kwenye simu.

Mama, ambaye sasa tunaishi naye na ambaye macho yamepungua, aliinua uso kutoka kitini kwake.

"Mado. Nani anapiga pasi?"

Nikainua kompyuta. Nilikuwa nimeiweka juu ya mto, na juu ya mto, kwa heshima, nilikuwa nimetandika kitambaa chake chenye tundu. Tundu lilikuwa mahali palepale alipoliweka. Mashine ndizo zilizohamisha pua, sasa zinapumulia tumboni, na mimi mwenye shahada nilikuwa nimeikalisha tumbo zima juu ya amidoni.

"Lete pepeo," Mama alisema.

Exaucé aliniangalia. Hakujua pepeo ni nini. Nikatafuta jikoni, ingawa nilijua jibu. Tunapika kwa umeme. Nyumba nzima haina pepeo hata moja, mtu wa kupokezana naye mikono yake imeshika simu, na majirani hawasogei tena mlangoni kuuliza tunapika nini.

Niliporudi mikono mitupu, Mama alikuwa amekwisha kuvua kitenge chake cha mabegani. Alikuwa anaipepea kompyuta kwa mikono miwili, uso kaugeuza upande wa ukuta kama Papa alivyotuamuru zamani, akingoja niiwashe na nimalize kuandika neno la siri.